Ndoo Nzima Haitobolewi

Nyumba ya kijijini iliuzwa wakati wa baridi, na Bibi Yadviha akahamia kwa mwanawe mjini Lida, ghorofa ya tatu, na ndoo zake tatu za bati na viazi vitatu. Viazi hivyo vilikuwa mbegu ya marehemu mumewe, Kazimir, na kijijini hakuna tena aliyeipanda. Vikifa hivyo, mbegu imekwisha.

Mwezi wa Mei miti ya uani ilipochanua maua meupe, maana ndipo viazi hupandwa, aliwaita wajukuu zake roshani. Kila mtu ndoo yake: Ulyana wa miaka tisa, Mikhas wa mitano, na yeye mwenyewe ile ya buluu aliyoolewa nayo.

"Mwalimu katuambia ndoo itobolewe chini, maji yatoke," Ulyana alisema.

"Mwalimu wako kalima viazi wapi, ubaoni? Ndoo nzima haitobolewi."

"Lakini Bibi..."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Ulyana akajaza udongo ndooni, akafukia kiazi chake. Bibi alikuwa ameteka maji kisimani miaka hamsini, na kwake ndoo inayovuja ilikuwa msiba wa nyumba. Shambani, maji ya mvua yalijiendea yenyewe. Hakuwahi kuulizwa yanakwenda wapi.

Mashina yaliota vizuri. Kila yaliporefuka shubiri moja waliyaongezea udongo, Mikhas akichota kwa kijiko cha supu. Kisha mvua ya Juni ikanyesha wiki mbili mfululizo, na jirani wa chini, Bi Regina, akaja kugonga mlango na shati mkononi.

"Yadviha, shoga yangu, roshani yako inanitemea tope."

Bibi aliinua ndoo ya Ulyana. Ilikuwa na matundu matatu.

"Nani katoboa?"

"Mimi. Kwa msumari wa babu."

Hasira zilimpanda Bibi. Aliweka beseni chini ya ndoo ile, na hakumsemesha mtoto mpaka Jumapili.

Agosti majani yalipokauka, walitandaza turubai na kumwaga ndoo moja moja. Ya buluu ilitoa tope chachu na uvundo, bila hata kiazi kimoja. Ya Mikhas vivyo hivyo, naye akaangua kilio. Bibi aliketi kwenye kigoda. Aliona aibu, tena aibu kali, kwa kuwa mbegu ya Kazimir alikuwa ameizamisha kwa mikono yake mwenyewe. Ndoo ya tatu ilipomwagwa, hakuthubutu kutazama.

"Vipo, Bibi," Ulyana alisema taratibu. "Kumi na kimoja."

Mikhas alifuta kamasi akauliza kama chapati za viazi zitapikwa leo.

"Hivi haviliwi, bwana mkubwa. Hivi vinapandwa." Bibi alivifuta kwa aproni kimoja kimoja, kisha akamgeukia msichana. "Kalete nyundo na ule msumari."

Ulyana alijua adhabu imefika, lakini alivileta. Bibi aliosha ndoo ya buluu, akaifudikiza sakafuni, akamrudishia nyundo.

"Anza na hii."

"Si ndiyo uliyoolewa nayo?"

"Ndiyo hiyo. Toboa kabla sijabadili nia."

Ulyana aliusimamisha msumari juu ya bati. "Matundu mangapi, Bibi?"

"Kamuulize mwalimu wako."