Karatasi Chini ya Tairi

Jumanne, saa mbili asubuhi, fundi Mektilda alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi mbele ya gereji yake, Ng'ambo, anakunywa uji wa ulezi kwa kiazi kitamu cha jana, gari la Humaidi lilipoingia. Lilikuwa gari-nyumba. Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka nalo dunia walichokea Tabora, na Humaidi, mwenye duka la vitambaa Kanyenye, akalinunua na vyombo vyake vyote: kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki dogo kama bakuli la kunawia, na mapazia ambayo mkewe Sheima aliyafua mara tatu ndipo yakajulikana kuwa ni ya njano.

Gari lilisimama, injini ikazimwa, na bado likawa linayumba. Kushoto, kulia, kushoto, taratibu.

"Mbona umelowa?" Mektilda akauliza.

"Chai," akasema Humaidi. "Nilikuwa nayo kikombeni. Kufika kona ya Mtendeni, yote iko mapajani. Na usukani nao, fundi, ukiukata gari linafikiri kwanza, ndipo linakata."

Mektilda akapanda ndani kuangalia. Kitandani alikuwa amelala Bi Thuraya, mama yake Humaidi, mwenye miaka themanini na mitano na nyonga iliyovunjika mwezi wa Ramadhani ikaunga vibaya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi mwenyewe?"

"Ndiye, Bibi. Baba alikuwa fundi wa springi, na hakujaliwa mtoto wa kiume."

"Basi springi zimepata mwenyewe. Nitengenezee hili gari. Dada yangu Najiat yuko Ujiji, mgonjwa, kaniletea neno nimuwahi. Kwenye basi sikai, treni sipandi. Na humu nikizungushwa mpaka Urambo tu, natapika nyongo, nyonga inalia kama mlango."

Ndiyo sababu ya gari lile kununuliwa. Halikuwa na sababu nyingine.

Mektilda alifanya kazi siku tatu. Alibadilisha shokapu zote nne. Alibadilisha bushi, akaongeza jani moja kwenye springi za nyuma, akapima upepo wa matairi asubuhi yakiwa ya baridi, kama baba yake alivyomfundisha. Jeki ilikuwa inaingia chini ya gari kirahisi mno, akadhani sakafu ya gereji imechimbika. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelika upande, lakini mengine matatu yalikuwa bado na vile vinyweleo vya mpira vya dukani, na gari lilikuwa limetembea kilomita laki mbili. Alilibadilisha lile moja. Siku ya tatu akapakia magunia mawili ya karanga upande wa kulia, ili lisilalie kushoto. Likazidi kuyumba.

Ijumaa jioni wakalipeleka njia ya Kwihara, penye mchanga. Humaidi akaendesha polepole, Mektilda akatembea nyuma, mikono kiunoni, akisikiliza. Hakusikia kitu cha chuma. Akatazama chini. Kwenye mchanga kulikuwa na alama ya tairi moja tu, la nyuma kushoto, ikiburuzwa. Badala ya zile nyingine kulikuwa na nyayo za watu peku, mistari minne, watu wanne kila mstari, isipokuwa wa kushoto kabisa, uliokuwa na watatu. Wa kulia walikuwa wamedidimia zaidi, kwa ajili ya karanga. Kwenye pembe ya nyuma kushoto hapakuwa na unyayo.

Akampigia Humaidi kelele asimame. Akachukua gazeti lililofungiwa spana, akainama, akalipitisha chini ya tairi la mbele kulia. Likapita. La mbele kushoto, likapita. La nyuma kulia, likapita. La nyuma kushoto likakwama.

"Nimeshaona," akasema, akipangusa magoti. "Shokapu zako nzima. Gari halikanyagi chini. Limebebwa. Wako kumi na watano, na mzigo ni wa kumi na sita."

Humaidi akateremka akatazama nyayo. "Ndiyo maana halinywi dizeli," akasema.

Wakamweleza Bi Thuraya. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo kifuani, maana mikono yake haikuugua.

"Hao ni wapagazi wa babu, bado wanabeba vya nyumba yetu," akasema. "Hata kabati la marehemu baba halikuwahi kugusa sakafu. Tulikuwa tunapitisha ufagio chini ya miguu yake, tunasema fundi alilikosea." Akatoa chuya moja, akaitupa dirishani. "Anayepungua ni Mahona."

Akawasimulia. Msafara ulikuwa unakwenda Ujiji. Karibu na Usinge Mahona akashikwa na kifua, hawezi kutembea. Wakamtua mzigo, wakawagawia wenzake, wakamwachia moto na kibuyu cha maji.

"Sisi nyumbani tulikuwa tunasema aliomba kubaki," akasema Bi Thuraya. "Walipokwisha kwenda kidogo, babu akakumbuka kwamba kibuyu kile kilikuwa kizuri. Akamtuma mtu akirudie."

"Akakikuta?" Humaidi akauliza.

"Si ndicho kile kilichokuwa kinaning'inia sebuleni?"

Mektilda ni Mnyamwezi, na bibi yake alimfundisha jambo moja la wapagazi: mpagazi hatui mzigo kwa kuchoka wala kwa kufika, anautua akiambiwa tua, na wa kumwambia ni mwenye mzigo.

"Dawa ni mbili," akamwambia Humaidi. "Ama useme tua, waende zao, gari likanyage magurudumu yake. Neno lako mwenyewe, mimi likinitoka halina kazi. Ama umfuate aliyepungua."

Humaidi akakuna shingo. Barabara aliijua, na mashimo yake. Springi za gari lile zilikuwa na umri wa mtoto wake mkubwa aliyekwisha oa. Mabega ya watu ni laini kuliko springi, kila mtu anajua.

"Mama lazima afike amelala," akasema. "Tumfuate Mahona. Lile neno nitalisema tukifika."

Jumatatu wakaondoka, watatu, Mektilda akiwamo, na karanga zikabaki gereji. Urambo walipita saa nne, Bi Thuraya ametapika mara mbili kwenye beseni la bluu. Kaliua akawa hasemi. Walipokaribia Usinge gari likasimama lenyewe, injini inaunguruma, gia imo.

"Hapa," akasema Bi Thuraya.

Alikuwa na chupa ya chai nyekundu, yenye maua, aliyopewa na Najiat siku alipoolewa. Asubuhi aliijaza maji badala ya chai. Mektilda akaipeleka chini ya mninga ulio kando ya barabara, akaisimamisha vizuri isianguke, akarudi akafungua mlango wa nyuma.

Bi Thuraya akaita kwa sauti ya kumwita mtu aliye jikoni. "Mahona! Maji yako hayo. Na ukitaka kupanda, panda, kitanda ni kipana, mimi nitasogea." Na akasogea, kwa tabu, mpaka ukutani.

Wakangoja. Mlangoni hakuingia mtu. Baada ya muda pembe ya nyuma kushoto ikainuka, kiasi cha vidole viwili. Beseni la bluu, lililokuwa limejibana upande mmoja wa gari tangu Tabora, likateleza likakaa katikati.

"Kaingia chini," akasema Mektilda.

"Chini ndiko anakokujua," akasema Humaidi, akaondoa gari.

Halikuyumba tena. Usukani ukikatwa, gari linakata. Humaidi akamiminiwa chai ya birika, akaiweka mbele yake, haikutikisika hata ukingoni. Bi Thuraya akalala mara ya kwanza tangu nyonga ivunjike, mdomo wazi, anakoroma.

Walikuwa wamekwenda nusu saa alipoamka.

"Chupa yangu."

"Mama, si umempa?"

"Nimempa maji. Chupa ni ya Najiat. Ataniuliza."

"Bibi," Mektilda akasema, "tuiache."

"Mwanangu, ile chupa haipatikani tena siku hizi. Kioo chake ni cha zamani."

Humaidi akageuza. Gari lilizunguka vizuri sana, pamoja, kwa hatua. Wakaikuta chupa palepale chini ya mninga, kifuniko kimefungwa. Maji yalikuwa yamepungua kikombe kimoja. Mektilda ndiye aliyetumwa kuichukua, kwa kuwa Humaidi hakuachia usukani. Aliyamwaga yaliyobaki penye shina, akaipangusa kwa khanga, akampa mwenyewe.

Ujiji walifika magharibi. Bi Najiat alikuwa bado yupo, amewekewa kitanda barazani ili aone barabara. Wakamteremsha Bi Thuraya na godoro lake, wakamlaza karibu na dada yake. Walishikana vidole, muda mrefu.

"Chupa bado unayo?" Bi Najiat akauliza.

"Ninayo."

Mektilda akamfuata Humaidi uani. "Haya," akasema. "Tumefika."

Humaidi akalitazama gari. Akatazama barazani, mama yake anacheka kitu. "Fundi, na kurudi je? Umemwona mwenyewe alivyolala."

"Nimemwona."

"Nitawaambia Tabora. Wallahi."

Mektilda akatoa lile gazeti kwenye mfuko wa spana, akainama, akalipitisha chini ya tairi la mbele kulia, la mbele kushoto, la nyuma kulia. Akaenda pembe ya nyuma kushoto, akapiga goti. Gazeti likapita bila kugusa chochote. Akatoa daftari lake la kazi, akaandika: limetengenea.

"Kaa ule, fundi," Humaidi akasema. "Kesho nitakupeleka stesheni kwa gari."

"Hapana, kaka yangu, nitakwenda kwa miguu," akasema Mektilda, akajitwika mfuko wa spana begani, akaondoka.