Kibao cha Dardo Vizcay

Dardo Vizcay alikufa Aprili ya mwaka 1991, na miaka ishirini baadaye manispaa ya Rosario ikakumbuka kwamba alikuwa na nyumba. Wakatangaza redioni: Alhamisi, saa kumi na moja jioni, kibao cha shaba kitafunuliwa kwenye ukuta wa nyumba aliyoishi mwanamuziki wetu mkubwa wa roki, mashabiki wote mnakaribishwa. Mimi sikuletewa barua. Nilisikia jikoni kama mtu mwingine yeyote, nikipaka mkate siagi.

Nilivaa koti, nikapanda basi, nikafika saa kumi.

Nyumba sasa ni ya daktari wa meno. Haydée, dada yake Dardo, aliiuza mwaka uleule wa msiba, akanipa wiki mbili nitoe vitu vyangu. Nilikuwa nimeishi mle miaka kumi na mmoja. Sina karatasi inayosema hivyo. Mwaka jana wakubwa wa Buenos Aires walipitisha sheria watu kama sisi tuoane, wakapigiana makofi kwenye televisheni. Sisi ilitukuta mmoja yuko kaburini. Hospitalini mkuu wa wodi aliniweka kwenye benchi la korido siku nne kwa sababu sikuwa ndugu, na siku ya tano akatoka kuniambia nikamwite ndugu.

Kwenye kibaraza cha barabara walikuwepo watu kama thelathini. Wengi wamenenepa, wengine wamekuja na watoto wao, fulana za bendi zimewabana matumbo. Walikuwa wanamimina ferneti, pombe chungu ya mitishamba, na koka-kola chini ya mlango wa daktari wa meno, kama wanavyofanya kila mwaka kaburini, kwa sababu kwenye ile picha maarufu Dardo ameshika glasi ya ferneti. Glasi ile ilikuwa yangu. Aliniambia, "Nishikie sigara," nami nikamwambia, "Basi nishikie hii," mpiga picha akabonyeza. Dardo pombe hakuigusa. Alikunywa chai ya limau tangu asubuhi, akilinda koo. Miaka ishirini wanamlowesha kwa kinywaji changu.

Mbele yao alisimama Elvira Scotti, mwenyekiti wa klabu ya mashabiki, mama wa miaka sitini na nywele za rangi ya karoti. Alikuwa anawasimulia vijana habari za Marisa.

"Viatu vilivyolowa juu ya jiko," alisema, "ule wimbo, mnaujua? Vilikuwa vya Marisa. Alimjia siku ya mvua, akaondoka peku, hakurudi tena. Dardo hakupenda mwanamke mwingine maisha yake yote."

"Maskini!" alisema msichana mmoja.

"Alikuwa mwalimu," alidakia mwanamume nyuma.

"Mwalimu wapi! Nesi."

Viatu vilikuwa vyangu, namba arobaini na nne. Marisa ni jina la paka wa jirani. Kampuni ya santuri ilitaka jina la mwanamke, Dardo akachungulia dirishani akaokota la karibu. Tulicheka wiki nzima. Kwa hiyo habari za Marisa hazijawahi kuniuma.

Kilichoniuma ni kibao. Fundi wa manispaa, Benicio, alikuwa amekiegemeza ukutani huku akitafuta waya wa umeme. Mimi shule niliiacha darasa la nne, nasoma polepole, lakini nasoma. Mistari mitatu:

KATIKA NYUMBA HII ALIISHI NA KUTUNGA
PEKE YAKE
DARDO VIZCAY, 1979–1991

Nikasoma tena.

Mkurugenzi wa Utamaduni, Bwana Pagani, alikuwa kando ya gari lake akizungumza na simu. Nikamsubiri amalize.

"Bwana, kibao kimekosewa. Hapo katikati. Hakuishi peke yake."

Akaniangalia kuanzia viatu. "Mzee ni nani?"

"Evaristo Bazán."

Akafunua karatasi zake. "Aa, Bazán! Wewe umo. Dereva, si ndiyo? Dereva wa gari la vyombo. Tumekutengea kiti safu ya tatu."

"Sitaki kiti. Nataka lile neno litoke."

"Maneno yamepitishwa na kamati, mzee wangu. Na familia imetia sahihi."

"Familia ipi? Haydée? Nyumba hii ameikanyaga mara mbili, na mara ya pili alikuja na dalali."

"Mimi sikuwepo wakati huo," alisema Pagani. Wakubwa wote hawakuwepo wakati huo. "Na limekaa vizuri, au siyo? Msanii na upweke wake. Mwakilishi wa meya anafika saa kumi na moja kamili."

Simu yake ikaita tena.

Nikamwendea Nasif. Huyu, ambaye kwa jina lake la Kiarabu tulimwita Mturuki, alipiga gitaa la besi kwenye bendi tangu mwanzo mpaka mwisho, alikula kwetu kila Jumapili, na siku tuliyopaka rangi chumba cha kulala alikuwepo, akaona kitanda ni kimoja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, wenzake wanampitishia kikombe cha chai ya yerba na mrija wake.

"Mturuki, wewe wanakusikiliza. Waambie."

"Niwaambie nini, bonge?"

"Unajua nini."

Akavuta mrija mpaka ukakoroma. "Bazán, acha. Dardo mwenyewe hakutaka watu wajue. Si ndiye aliyekuandika dereva?"

Hilo lilikuwa kweli, na alijua ni kweli.

"Hakutaka wajue tulikuwa nani," nilimwambia. "Hakuwahi kutaka waseme alikuwa peke yake. Hilo siyo siri yake, Mturuki. Huo ni uongo wao."

"Ni neno moja tu."

"Maneno mawili. Na mimi ndiye niliyemo ndani yake."

Akarudisha kikombe kwa aliyeshika birika.

Wakati huo Benicio alikuwa ameanza na drili. Shimo la kwanza lilimwaga vumbi jekundu kama maji. Akasukuma plastiki ya kushikia skrubu, ikatumbukia ndani, akaisikia ikianguka. Akatukana kwa sauti ya chini. Shimo la pili vilevile. Akajaribu kusogea kushoto, kwenye kona ya dirisha.

"Hapo usitoboe," nikasema. "Kuna bomba."

"Mzee, kaa pembeni."

"Toboa basi, uwaogeshe."

Akasimamisha drili. "Unajuaje?"

"Nimelilaza mimi. Mei ya themanini na sita, la zamani lilipooza. Linapanda hapo, linakata kulia kwenda bafuni. Dardo alinishikia taa, akaniunguza sikio." Nikagonga ukuta kwa kidole kilichokunjwa. "Tofali hizi mbovu mpaka hapa. Hapa nilijaza saruji mwenyewe. Itashika."

Elvira akasogea, chupa ya ferneti mkononi.

"Wewe ni yule wa dirishani," alisema.

"Mimi ni dereva, mama. Soma kwenye orodha."

"Dereva gani anatoa takataka saa moja asubuhi amevaa pajama za bosi wake? Zile za mistari ya kijani. Mimi nilikuwa nalala kwenye kibaraza kile pale, mwaka wa themanini na tatu, nilikuwa chizi kabisa." Vijana wakacheka, yeye hakucheka. "Nikasema moyoni, huyu hata pajama hana?"

"Zilikuwa zangu. Yeye ndiye aliyekuwa ananiibia."

"Tulijua," alisema Elvira polepole. "Sisi wa zamani tulijua. Tulimshika Marisa kwa sababu... magazeti yale, unayakumbuka. Tulidhani tunamlinda."

"Mlimlinda. Mimi je?"

Akatazama kibao, midomo ikitembea anaposoma, kisha akainamisha chupa.

Benicio akanitolea drili. "Basi funga wewe, mzee, ukuta ni wako. Mimi bosi akija akakuta bado, ni mimi atakayenila."

Nina miaka sitini na tisa na bega bovu. Nikaishika. Benicio na kijana mmoja wakainua kibao, Elvira akasema kimeinama kulia, wakakinyoosha. Nikafunga kona ya juu kulia: ikashika. Juu kushoto: ikashika kidogo. Chini zote mbili zilikuwa zinacheza, tofali pale ni unga.

"Nne hazitoshi," nikasema.

"Matundu ni manne," alisema Benicio.

"Ukuta huu unataka ya tano. Katikati. Saruji yangu iko hapo nyuma, lakini itabidi nitoboe shaba."

Nikaweka ncha ya drili mahali pake. Benicio akaangalia ilipogusa. Akasoma. Akaniangalia mimi, akaangalia gari ambako Pagani alikuwa bado anaongea na simu, mgongo umetugeukia.

"Kweli, ukuta mbovu huu," alisema. Akainama, akapekua sanduku lake, akatoa washa, ile pete bapa ya chuma ya kuwekwa chini ya skrubu, pana kama kifuniko cha chupa ya maziwa. "Nyembamba itazama. Tumia hii."

Shaba si laini. Nilisukuma kwa bega zima, vipande vikaniangukia kwenye koti. Nasif alikuwa amesimama. Skrubu ilipoingia, washa ilifunika P ya kwanza mpaka E ya mwisho, na kibao hakikucheza tena. Benicio akatundika bendera juu yake.

Mwakilishi wa meya alikuja saa kumi na moja na robo, kijana wa tai. Alihutubia kuhusu urithi, akahutubia kuhusu jiji, akavuta bendera. Pagani akasogea kwenye kipaza sauti kusoma.

"Katika nyumba hii aliishi na kutunga..." Akakohoa. "Dardo Vizcay."

Makofi yakapigwa. Elvira alipiga kwa nguvu kuliko wote, akinitazama mimi. Pagani alimwendea Benicio, uso mwekundu, nikamsikia Benicio akijibu: "Ukuta, bosi. Bila hiyo kingemdondokea mtu. Ungeandika wewe ripoti?"

Nasif akanifuata mpaka kituo cha basi.

"Jina lako bado halipo," alisema.

"Najua."

"Na Haydée akiona atawaagiza waing'oe."

"Waje. Nimeweka skrubu ya sentimita kumi na mbili, ndani ya saruji. Watang'oa na ukuta."

Akakaa nami kwenye benchi. Basi lilichelewa, kama kila kitu kinachoendeshwa na manispaa. Akaniuliza kama zile pajama bado ninazo.