Mstari Mmoja wa Mzee Gencho

Radka Velichkova alikuwa fundi kwelikweli, na hakungoja aambiwe na mtu. Katika jumuiya yao ya watengenezaji wa programu za bure, kila kifurushi, yaani kila programu, kilikuwa na mtunzaji wake, na cha mtu ni cha mtu. Ukikuta kimeharibika na mwenyewe hajibu, ruksa kukitengeneza, ila kwa adabu: unamwandikia, unaonyesha marekebisho yako hadharani, kisha unayaweka kwenye foleni ya kusubiri siku kadhaa ili akitaka ayazuie. Na unagusa palipoharibika tu.

Safari hii jambo lilimgusa Radka mwenyewe. Kifurushi cha mzee Gencho Palaveev wa Ruse, kinachoendesha mashine za kuchapa vitabu vya nukta nundu, kilikuwa kimegoma. Toleo jipya la mfumo mzima wa jumuiya lilikuwa linafungwa Jumapili, na kisipopona kingetupwa nje. Kaka yake Radka, Ilko, asiyeona tangu kuzaliwa, alifundisha watoto wasioona katika mji wao wa Plovdiv, na kompyuta za shule yake zingehamia toleo hilo kiangazi. Bila kifurushi kile, mashine ya shule ingebaki pambo na watoto wangekosa vitabu.

Gencho aliandikiwa, kimya. Akaandikiwa tena, kimya. Basi Radka akaketi na bilauri ya boza, kile kinywaji kizito cha nafaka, na kabla hajaimaliza alikwisha kuiona hitilafu. Mstari mmoja tu! Angeishia hapo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini msimbo wa yule mzee, jamani! Majina ya ajabuajabu, mistari imerundikwa ovyo, na katikati amri ya kuisimamisha mashine kidogo baada ya kila ukurasa, bila maelezo yoyote. Radka akapanga, akafuta, akang'arisha. Akaweka kazi yake kwenye foleni, itoke Jumamosi, akaenda zake sokoni akijipongeza.

Alhamisi Gencho akazuia kila kitu. Aliandika mbele ya jumuiya nzima: "Umekuja kuziba bomba, ukanipangia na kabati."

"Mzee mzima hana haya!" Radka alimfokea kaka yake, utadhani kosa ni la Ilko. "Siku zote hizo kalala, leo ndiyo anaamka kunisema?"

"Mpigie simu."

"Nimpigie mimi? Yeye ndiye—"

"Mdogo wangu, unataka kushinda au unataka mashine ifanye kazi?"

Radka akasonya, akapiga, akaiweka simu kwenye spika ili Ilko ajisikilizie mwenyewe ukorofi wa mtu.

"Nilikuwa hospitali, binti," ilisema sauti ya kukwaruza. "Nimepasuliwa mgongo. Nisamehe kwa kimya. Ule mstari umeutengeneza safi kabisa."

"Sasa mbona umenizuia?"

"Umefuta amri ya kusimama. Kuna mashine kuukuu huko kwenu, ukiiharakisha inatafuna karatasi. Mwalimu wake alinisumbua mpaka nikaiweka. Mng'ang'anizi kama kupe! Ilko nani sijui."

Ilko akaangua kicheko. "Ndiye mimi huyo kupe, mzee!"

Radka alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa karibu kuiua mashine ya kaka yake kwa mikono yake mwenyewe, tena akijisifu.

"Mbona hukuandika sababu?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Kweli, hapo nimekosa. Na wewe mbona hukuuliza?"

"Naomba radhi, mzee. Narudisha vyote vilivyokuwa, nabakiza mstari mmoja. Lakini nikipita tena kwenye foleni, Jumapili itatupita."

"Usipange foleni. Mwenyewe nimekuruhusu, peleka sasa hivi. Ila ukigusa hata jina moja humo, nakuzuia tena!"

Radka akapeleka, na kifurushi kikaingia.

Kiangazi alikwenda shuleni kujionea. Mashine ilichapa ukurasa wa kwanza, ikanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Mkono wa Radka ukaanza kusogea kwenye kibodi.

"Tulia," Ilko alisema bila kugeuka. "Nakusikia."

Radka akaikalia mikono yake. Mashine ikakohoa, ukurasa wa pili ukatoka mzima, bila hata kunyanzi. Ilko akaupitishia vidole polepole, akitabasamu.

"Msimbo wake bado mchafu," Radka alinong'ona.

"Mchafu," alisema Ilko, akiendelea kusoma, "lakini si wako."