Nyimbo Elfu Nane

"Shemeji, wewe ndiye unayejua mambo ya muziki," Febronia alimwambia kwenye simu. "Kule machimboni ulikuwa hukosi vitu masikioni. Mchagulie Baba Salome kiredio kizuri, cha kubebeka, kinachoingia nyimbo nyingi. Anasema anataka zisizoisha."

Kalisti alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake pale stendi ya Kahama, anasubiri abiria. Akajibu, "Sawa, shemeji," akabaki ameishika simu kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake. Abiria akaja kuuliza nauli ya Nyasubi, hakujibiwa, akapanda pikipiki nyingine huku akisonya.

Maneno ya Febronia hayakuwa na kijembe hata kimoja, na ndiyo maana yalimchoma. Mwanamke wa watu alikuwa anamsifu. Hakujua kwamba hivyo vitu vya masikioni ndivyo vilivyomkata mumewe, huyo Baba Salome, mguu.

Tuyaseme yalivyokuwa, maana Kalisti mwenyewe miezi saba hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa mshika winchi kwenye duara moja upande wa Geita, na duara ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo. Evance, mume wa Febronia, alikuwa chini. Huyo ndiye alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayopangwa kuzuia kuta za shimo zisibomoke, na wenye maduara walikuwa wakimgombania. Katikati ya matimba hayo ilipita kamba nyembamba, ikapanda mpaka juu, ikafungwa kwenye kopo la maziwa lililotiwa kokoto. Aliye chini akivuta mara moja, kopo linalia, unapandisha kiroba cha mawe. Akivuta mfululizo, unaacha kila kitu, unampandisha mtu. Kazi ya mshika winchi ni mikono na masikio, basi. Mikono Kalisti alikuwa nayo.

Siku hiyo alivaa hedifoni, zote mbili, sauti juu, akaipa winchi mgongo. Wimbo ulipoisha akageuka. Kopo lilikuwa linarukaruka kama kuku aliyechinjwa. Aliliona kabla ya kulisikia. Kisha likatulia.

Mwamba ulikuwa umeporomoka kule mbele, mahali ambapo matimba yalikuwa bado hayajafika. Evance alitolewa mguu wa kulia umesagika, na hospitali wakaukata chini ya goti. Mwenye duara alipouliza imekuwaje, Kalisti alitoa maneno mawili tu: "Kopo halikulia." Hakuna aliyemuuliza la tatu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya Kalisti iliingia mwezi wa saba na ilikuwa bado inakwenda. Aliacha machimbo, akanunua pikipiki, na kila alipokwenda Ushirombo kumjulia hali Evance alibeba sukari na sabuni kama mtu mwema.

Asubuhi iliyofuata aliingia dukani kwa Zipora, karibu na soko. Zipora aliuza simu, redio na maneno, na maneno alitoa bure.

"Mhola?" Zipora alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mhola."

"Haya niambie, unataka cha kuchungia ng'ombe, cha kulimia, au cha kutongozea?"

"Cha mgonjwa, dada."

Zipora akaacha mzaha. Akapanga viredio juu ya kaunta. "Hiki kina taa na sola, wachungaji wanakipenda, lakini memori kubwa kinaikataa. Hiki kinapiga mpaka jirani anakuja kugomba, ila chaji haimalizi siku. Sasa hiki hapa." Kilikuwa cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, kina spika yake. "Kinameza memori ya GB thelathini na mbili. Nyimbo elfu nane! Nilimuuzia mzee mmoja wa Mwadui, mstaafu wa almasi. Amesikiliza asubuhi mpaka jioni, siku arobaini zimepita, bado hajamaliza."

Kalisti alikigeuza, akakirudisha, akakichukua tena. Aliuliza kama hakuna kinachozidi hapo. Aliuliza kuhusu betri, kuhusu vumbi, kuhusu kudondoka. Zipora alidhani amepata mteja mjuzi, kumbe alikuwa amepata mwenye hatia. Mtu wa namna hiyo hanunui kitu, ananunua usingizi, na usingizi Zipora hakuwa nao dukani.

"Na hedifoni zake hizi," Zipora alisema, na kabla Kalisti hajakataa alikuwa ameshamchomeka. "Ukivaa hizi, karasha lisage mawe hapo pembeni, husikii!"

Muziki ukamjaa kichwani. Aliuona mdomo wa Zipora ukifunguka na kufungika, na hakusikia neno. Akazivuta kwa nguvu hata sikio likauma.

"Hizi sizitaki."

"Lakini zinakuja nacho pamoja, kaka."

"Baki nazo."

Zipora akamtazama, akazitia kwenye mtoto wa meza. Kisha akauliza amrushie nyimbo zipi, na Kalisti akasema zote: kwaya, dansi za zamani, za Kisukuma za ngoma ya mbina, zote. Kazi hiyo ilichukua nusu siku. Kalisti alikaa juu ya kreti la soda akiangalia kwenye kompyuta ule mstari wa kijani ukirefuka, na kadiri ulivyorefuka ndivyo alivyojiapiza: leo nitamwambia. Ulipofika mwisho, ujasiri wote ulikuwa umemwisha. Atampa kiredio, atakula, ataaga. Basi.

Pikipiki aliiacha Kahama, akapanda gari, na Ushirombo alifika jua limeanza kushuka. Febronia alimpokea kwa furaha, akamletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Evance alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba, gongo limeegemea ukuta, na alipoona kile kiredio akacheka meno yote nje.

"Ndugu yangu! Zimo ngapi?"

"Elfu nane."

"Acha utani! Elfu nane? Na hedifoni?"

"Zilikuwa zimewaishia," Kalisti alisema. Uongo mmoja haukai peke yake, lazima uite ndugu zake.

Evance alikipapasa kiredio, akakiwasha, akasikiliza kidogo, akakizima. Uso wake ulitulia.

"Unajua kwa nini nilitaka nyingi? Kile changu cha zamani kina nyimbo mia mbili. Zikijirudia, nikishajua unaofuata, akili inanitoroka. Inashuka duarani. Inaanza kuhesabu matimba, moja, mbili, tatu. Nikifika la kumi na nne nasimama hapo. Lile nililikata kwa haraka, nikaliacha na kisiki cha tawi. Hapo ndipo kamba iliponasa, Kalisti. Mwamba ulipoanza kupasuka nilivuta, nikavuta, na wewe huko juu hukusikia kitu. Mguu nimejikata mwenyewe."

Kalisti alikuwa na mchembe mdomoni. Akautoa, akaurudisha sahanini.

"Wiki iliyopita walikuja watu wa Mbogwe," Febronia aliongeza polepole. "Wanataka akae juu tu, awaelekeze vijana wao kupiga matimba. Amewakatalia."

"Sasa nimwelekeze nani?" Evance alisema. "Fundi aliyenaswa na timba lake! Nikiua mtoto wa mtu je? Bora nisikilize muziki."

Kalisti alikuwa amejiandaa kuchukiwa. Miezi saba yote alikuwa akiogopa hilo: ngumi, matusi, kufukuzwa. Hakuwahi kufikiri kwamba yale maneno yake mawili yalikuwa yamekaa ndani ya nyumba hii, yanamla mtu mwingine. Mguu aliuchukua kwa uzembe. Ufundi wa Evance alikuwa akiuiba kila siku, akiwa macho, na leo alikuwa ameleta muziki wa kufunikia wizi wenyewe. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Kamba haikunasa," alisema.

"Unasemaje?"

"Kopo lililia, Evance. Nilikuwa nimevaa hedifoni. Nilipogeuka nililikuta linarukaruka. Aliyemdanganya mwenye duara ni mimi."

Febronia alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Ulilikuta linarukaruka," Evance alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu. Na niliposhuka kukutoa niliivuta ile kamba kwa mkono wangu. Iliteleza yote, juu mpaka chini. La kumi na nne halina kosa. Hakuna lenye kosa hata moja."

Evance alifumba macho. Midomo ilicheza, na Kalisti akajua anahesabu, la kwanza, la pili, mpaka akafika la kumi na nne, na safari hii akalipita. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Mama Salome, umesikia? Matimba yangu yalikuwa mazima."

"Nimesikia, Baba Salome."

"Mazima kabisa!"

Kisha akafumbua macho, akamtazama Kalisti, na furaha yote ikaondoka usoni.

"Miezi saba," alisema. "Umekuja hapa na sukari, umekaa kwenye kiti changu, umenisikia nikijilaumu."

"Nisamehe, ndugu ya..."

"Usiniombe leo. Leo nikikujibu, nitakujibu vibaya." Akakichukua kiredio, akamwekea mapajani. "Umesema elfu nane?"

"Elfu nane."

"Nenda kazisikilize. Zote, moja moja, usiruke hata mmoja. Na masikio uyaache wazi. Zikiisha, njoo. Hapo tutaongea."

Kalisti alisimama, akaaga, hakuna aliyeitikia. Febronia, ambaye siku zote alimsindikiza mpaka barabarani, hakuinuka.

Alipofika kwenye lami alimsikia Evance, sauti kubwa ambayo hakuwa ameisikia tangu duarani, akimwita Salome amletee simu awapigie watu wa Mbogwe. Gari la Kahama lilikuwa halijaonekana. Kalisti akakaa kwenye jiwe, akakiwasha kiredio. Ukaanza wimbo wa kwaya asioupenda, mrefu, wenye beti nyingi. Aliusikiliza mpaka mwisho, kisha ukaingia wa pili.