Maua Thelathini

Silvana alishona maua thelathini ya utepe kwa ajili ya kicheni pati ya Anjela, shoga yake tangu darasa la kwanza. Wiki mbili nzima vidole vyake vilinuka mshumaa, maana kingo za utepe usipozichoma kidogo huchambuka. Anjela mwenyewe ndiye aliyehesabu waalikwa. "Thelathini, shoga. Tumo wote."

Siku yenyewe, mlangoni mwa ukumbi pale Majengo, mama mmoja wa kamati alimzuia. "Asiye na ua kifuani haingii, mwanangu."

"Maua hayo nimeyashona mimi."

"Sasa la kwako liko wapi?"

Silvana akadhani amesahauliwa tu. Akasimama nje, upepo ukimchapa miguu, mpaka alipomwona Anjela anatoka mbio mbio, kapambwa kapambika. Moyo ukamtulia.

"Afadhali umekuja!" Anjela akamtia mkononi ua moja jeupe. "La mama mkwe limelegea. Lishikize haraka, halafu tutaonana kesho, eeh? Humu ndani ni wakubwa watupu, si unaelewa."

Silvana alielewa. Ua la utepe, na uzuri wake wote, hushikwa na uzi mmoja tu. Aliuuma ule uzi kwa meno, akauvuta hadi mwisho. Ua likafumuka, ukabaki utepe mtupu wenye makunyanzi.

"Mpelekee mama mkwe," alisema. "Mwambie na yeye hayumo."