Kofia Nyuma ya Shabaha ya Saba

Lorna Pelkey alikwenda kujifunza kulenga shabaha kwa shinikizo la dada yake. Marehemu baba yao alikuwa amewaachia bunduki moja ndogo, na kwa miaka miwili ilikaa kabatini kwa Lorna, imeviringishwa blanketi, yeye akiipita kwa kunyata kama mtu anayempita nyoka aliyelala.

"Ama uiuze, ama ujifunze kuishika," dada yake Colette alimwambia. "Kuitetemekea tu hakusaidii kitu."

Kisha Colette akawaandikisha wote wawili, bila kuuliza, kwa Jumamosi na Jumapili ya mwisho wa Septemba, kwenye uwanja wa chama cha wawindaji nje kidogo ya mji wao wa Tarbell Mills.

Lorna alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mfuaji wa nguo katika nyumba ya wazee. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Alikuwa ameyapanga maisha yake yasidai maneno mengi, na kazi ya kufua ilimfaa, maana mashine haimuulizi mtu swali.

Walimu wa pale walikuwa watu wa kujitolea, wasiolipwa hata nauli. Aliyewaongoza alikuwa Everett Stoddard, mpima ardhi mstaafu wa miaka sabini na mmoja, yule yule anayekaa kiti cha mbele kuuongoza mkutano wa mji, ule wa wakazi wote kupiga kura juu ya mambo yao, kila mwezi Machi. Asubuhi ya kwanza aliwapanga wanafunzi ishirini na wawili mbele yake.

"Amri za hapa natoa mimi," alisema, "isipokuwa moja. Ukiona hatari, sema 'Simamisha', na useme kwa nguvu. Awe mgeni, awe mkongwe, awe nani. Ukilisikia neno hilo, usiulize nani kasema wala kwa nini. Unaondoa kidole kwenye kifyatulio, unaweka bunduki chini."

Siku hiyo Lorna alitoboa karatasi kila mahali isipokuwa katikati. "Shabaha yako iko salama kuliko sisi," Colette alimtania. Lakini Nadine, mwalimu mwanamke aliyekuwa akipita nyuma yao, alipiga goti kando yake, akamsogezea kiwiko kikae chini ya bunduki, akamwambia asiikabe kama anamkaba kuku. Jioni matundu yalianza kukaribiana.

Wakati wa chakula cha mchana, huku watu wakila mikate yao waliyofunga nyumbani, Everett aliwasimulia habari za wakulima wa Massachusetts waliotoka mashambani asubuhi moja ya Aprili, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, kuwakabili askari wa mfalme wa Uingereza.

"Watu wanakumbuka bunduki tu," alisema. "Lakini wale kabla ya bunduki walikaa vikaoni miaka kumi. Waliandika barua, walibishana, walipiga kura kwenye kumbi kama ule wetu. Na ule wetu, Machi ikifika, nusu ya viti haina watu."

"Kumbe, mzee," mtu mmoja akadakia, "tumekuja kupiga risasi, wewe unatuuzia mkutano?"

"Risasi ni chambo, bwana. Samaki ni wewe."

Wakacheka wote. Lorna naye alicheka, ila moyoni alijiambia kuwa yeye samaki wa namna hiyo hapatikani. Kwenye ukumbi ule alikuwa akikaa safu ya nyuma kabisa, miaka ishirini sasa, na hajawahi kuinua mkono ila wa kupiga kura.

Jumapili, muda mfupi kabla ya saa tano, walikwenda wote kutazama shabaha zao kisha wakarudi kwenye mstari. Everett akahesabu watu. Akatoa amri ya kulala kifudifudi, halafu ya kupakia risasi. Lorna alichelewa kulala. Mkanda wa bunduki ulikuwa umemsokota mkono, naye alikuwa bado amepiga magoti akiufungua. Kwa sababu hiyo aliweza kuona juu ya majani yale marefu. Nyuma ya ubao wa shabaha ya saba, karibu na tuta la udongo, kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kikiinuka na kushuka.

Ilikuwa kofia. Na chini ya kofia palikuwa na mtu.

"Simamisha!"

Sauti ilitoka nzima, haikukwama popote. Ilipita uwanjani hata watu waliofunika masikio wakaisikia. Nadine akairudia, na mwingine, na mwingine, mpaka mstari wote ukaisema. Bunduki ishirini na moja zikawekwa chini. Hakuna hata moja iliyolia.

Mzee Gus Ouellette, mwanafunzi mwenzao mwenye miaka sabini na minane, akajitokeza nyuma ya ubao akipangusa miwani yake kwa shati. Alikuwa ameiangusha kwenye nyasi, akainama kuitafuta, na kwa kuwa alikuwa amevua kifaa chake cha kusikilizia ili avae vifunika masikio, hakusikia lolote.

"Nimeipata," alitangaza kwa furaha. "Mbona mmenyamaza hivyo?"

Mkewe alimfuata kwa haraka, akamshika shati kwa mikono miwili, akakaa hivyo.

Everett alikuwa mweupe kama chokaa. Aliwakusanya wote, akasema mbele yao kwamba alimhesabu mtu mmoja mara mbili, kosa ni lake na si la Gus, na kwamba Nadine ndiye atakayeongoza kuanzia hapo. Halafu akaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya gari lake. Lorna alimpelekea kahawa.

"K-k-kunywa, mzee," alisema.

Everett alikipokea kikombe. "Kule kwenye mstari ungeuliza kwanza kama una haki ya kusema," alisema, "sasa hivi tungekuwa tunalia. Nakuona kila Machi pale nyuma. Huna la kusema kweli, au?"

Lorna alimweleza, kwa shida, neno moja moja, habari ya barabara iliyo mbele ya nyumba ya wazee. Wafanyakazi huivuka kwenda kwenye maegesho, malori yanateremka mlima kwa kasi, na mwaka juzi mwenzao mmoja, mpishi, aligongwa, akavunjika nyonga. Hakuna kivuko, hakuna kibao, hakuna taa. Kila mtu alilalamika jikoni, na malalamiko yakaishia jikoni.

"Sahihi ishirini na tano za wapiga kura," Everett alisema, "na jambo hilo linaingia kwenye ajenda ya Machi, mtu apende asipende."

Wa kwanza kutia sahihi alikuwa Gus, na mkewe wa pili. Kufika Januari walikuwa hamsini na wanane.

Siku ya mkutano Lorna hakuweza kula asubuhi. Jambo lake la kivuko lilipotajwa alisimama, akashika kiti cha mbele yake, na kigugumizi kikamkamata kwenye neno la kwanza kabisa. Kilimshika kwa muda mrefu mno. Everett, kule mbele, alikaa ametulia kana kwamba ana siku nzima. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemmalizia neno. Hilo ndilo alilokuwa ameliogopa maisha yake yote, na sasa lilikuwa likitokea, naye alikuwa bado amesimama. Akaendelea. Alikwama mara sita au saba. Alimtaja mpishi kwa jina.

Diwani mmoja aliuliza kama jambo hilo haliwezi kungoja mwaka mwingine.

"M-mwaka mwingine ni m-mtu mwingine, bwana," Lorna alisema, akakaa.

Kura ilipigwa kwa sauti. "Ndiyo" ilijaa ukumbi. "Hapana" zilikuwa chache, na mojawapo Colette aliigeukia kwa jicho kali.

Mchana, wakati wa maharage na nyama ya nguruwe kwenye chumba cha chini ya ukumbi, watu watatu walimwomba aingie kwenye kamati ya barabara. Alijibu kwa kutikisa kichwa juu na chini, mdomo umejaa. Alipofika nyumbani hakuteremka upesi. Alizima gari, akakaa nyuma ya usukani, theluji ikidondoka kutoka kwenye paa vipande vipande, akagundua kwamba ana njaa tena.