Fomu Iliyosema Hana Ndugu

Mimi ni mtakwimu wa maabara ya uchunguzi wa jinai. Maiti sizigusi. Kazi yangu ni kumwambia jaji uwezekano wa vinasaba vya mshtakiwa kufanana na vya mtu mwingine. Kwa Davis wa Uru niliandika: mtu mmoja kati ya milioni mbili. Damu iliyobaki dirishani, alipouawa mlinzi wa ghala la kahawa, ilikuwa kidogo mno, lakini ilitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi.

Tatizo, hesabu ile ni ya watu baki. Akiwapo ndugu wa baba na mama mmoja, inaporomoka vibaya. Fomu ya polisi ilisema Davis hana ndugu, na mwenyewe aliapa hivyohivyo. Mtu wa Uru, mtoto pekee? Thubutu! Siku moja kabla ya kutoa ushahidi nikapanda huko mwenyewe, jambo ambalo haturuhusiwi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Mama Kornelia, mamake Davis, alikuwa akimenya ndizi. Nilipomuuliza ana watoto wangapi, hakuinua macho. “Ninaye huyohuyo mmoja.”

Nikatazama kihamba, shamba lao la ukoo. Katikati ya migomba ulipita mstari wa masale, mimea yetu ya mpaka, ukigawa shamba mara mbili. Baba mwenye mtoto mmoja anamgawia nani mwingine?

Mwanamume akatokea ng'ambo ya mpaka na panga, sura ni ya Davis kabisa. Hakunisalimu. Njia ya kutokea ilikuwa nyuma yake.

Mama Kornelia akachuma jani la sale, akanifumbatisha kiganjani. Uchaggani ukiombwa msamaha kwa jani hilo, hukatai.

“Huyu ndiye kitinda mimba,” akasema. “Nyumba ni yake, na ndiye atakayenizika. Davis amekubali kumbebea mzigo.”

Nilishuka Moshi nikigeuka nyuma kila hatua.

Kesho yake mahakamani mama alikaa benchi la mbele na yule kitinda mimba, wananikodolea macho. Jani lilikuwa mkobani mwangu. Nikataja milioni mbili, kisha nikautazama mkoba.

“Endelea,” jaji akasema.

“Mheshimiwa, hiyo ni kama hana ndugu.” Nikaligeukia benchi la mbele. “Anaye. Nimemwona.”

Davis akasimama kizimbani. Hakumtazama jaji, wala mimi niliyemwokoa.

“Mama!” akalia. “Mama, si mimi niliyesema!”